Swali Lililozama Ziwani

Katika mwaka 2000 ilitolewa nchini Marekani filamu ya mzuka iitwayo What Lies Beneath, jina ambalo kwa lugha yetu laweza kuelezwa kuwa ni "Kilichomo Chini". Aliyeiongoza ni Robert Zemeckis, na waigizaji wake wakuu ni Michelle Pfeiffer na Harrison Ford, watu wawili ambao wakati ule hapakuwa na mpenzi wa sinema asiyewajua. Mapato yake yalizidi dola milioni 290 duniani kote. Nayataja haya mapema ili msomaji asidhani kuwa nimejichagulia kazi duni kusudi niipige kwa urahisi. Kazi duni haimfundishi mtu kitu. Huiona leo, kesho akaisahau. Yenye mafunzo ni ile iliyofanywa na mafundi hodari, yenye vipande vya kumfanya mtazamaji ashike kiti kwa hofu, na ambayo hata hivyo humtoa mlangoni akiwa na moyo mtupu, akijiuliza ni kitu gani alichoahidiwa asipewe.

Filamu hii ni ya namna hiyo. Walioilaumu wameilaumu kwa mambo mawili: kwamba mwanzo wake unajikokota, na kwamba mwisho wake ni vurugu. Lawama zote mbili ni za haki. Lakini kwa maoni yangu hayo si makosa mawili. Ni kosa moja lililotokea mara mbili, na mtu akilitambua lile la kwanza, la pili halitamshangaza.

Yanilazimu kuieleza hadithi yote mpaka tamati, maana mwisho wa kitu hauwezi kuhukumiwa kwa mafumbo. Asiyeiona filamu hii, naye ana nia ya kuiona, na aziweke kurasa hizi kando kwa siku mbili tatu. Wala sioni haya nyingi kuifichua siri yake, kwa kuwa wenye filamu walinitangulia: tangazo lao, lililoonyeshwa katika majumba ya sinema kabla filamu yenyewe haijatoka, lilikwisha kumwambia kila mtu kwamba mume alikuwa na hawara, na kwamba hawara huyo amekufa. Sijapata kumwona mpishi mwingine aliyeitoa nyama yote chunguni ili wageni wainuse barazani, kisha akawaita ndani wale mchuzi.

Mahali pa hadithi ni jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, katika nyumba nzuri iliyo kando ya ziwa. Claire Spencer zamani alikuwa mpigaji wa selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji hukaa kitako akaiegemeza magotini. Muziki ameuacha, naye ameolewa na Norman, mtaalamu wa elimu ya urithi wa viumbe na mwalimu wa chuo kikuu. Norman ni mwana wa mwanachuoni aliyekuwa na sifa kubwa. Hata nyumba wanayokaa ilikuwa ya baba huyo, na maisha yake yote ni mbio za kutoka katika kivuli cha marehemu. Binti wa Claire, aliyezaliwa katika ndoa ya kwanza, ameondoka kwenda kusoma, na nyumba imebaki kimya. Mwaka mmoja nyuma Claire alipata ajali ya motokaa, na tangu siku hiyo kumbukumbu yake ina matundu.

Ndipo mambo yanapoanza. Mlango wa mbele hufunguka wenyewe. Picha huanguka, kioo chake kikavunjika. Hodhi la kuogea hujaa maji ya moto pasipo mtu aliyefungua bomba, na Claire akiinama juu ya maji yale huona sura mbili: yake mwenyewe, na ya msichana mwingine kando yake. Katika kioo kilichoingia ukungu wa mvuke hutokea maandishi, kana kwamba yameandikwa kwa kidole: "Unajua."

Neno hilo moja ndilo moyo wa filamu nzima, nami namwomba msomaji alishike. Mzuka huu hausemi "Niokoe", wala "Nilipizie kisasi", wala "Nitakuua". Wamwambia mwanamke mpole, msafi, mwenye bustani ya maua, kwamba yeye anajua. Anajua nini? Baadaye tunafahamu kwamba msichana yule ni Madison Elizabeth Frank, mwanafunzi aliyetoweka, na kwamba alikuwa hawara wa Norman. Claire aliwahi kuwakuta pamoja nyumbani mwake, akatoka mbio akiwa hajijui, na ile ajali ya motokaa ilitokea saa ile ile. Akili yake ikaufunga mlango, ikautupa na ufunguo. Hata rafiki yake wa karibu, Jody, alikuwa amemwona Norman mkahawani na mwanamke mwingine, akanyamaza. Basi hofu kubwa katika nyumba hii haitokani na aliyekufa. Inatokana na wazima, ambao waliona wakachagua kutoona, kwa sababu kuona kungewagharimu nyumba, jina, urafiki na raha ya kila siku. Nani kati yetu hajapata kuishi karibu na neno kama hilo, linalojulikana na wote na kutotajwa na yeyote? Hadithi iwezayo kuuliza swali hilo kwa mlango ufungukao na maji yajayo yenyewe si hadithi ndogo.

Sasa na tutazame jinsi filamu inavyolitendea swali lake. Sehemu kubwa ya saa ya kwanza haiko nalo kabisa; iko kwa majirani. Ng'ambo ya ua wamehamia mume na mke, Warren Feur na mkewe Mary. Claire humsikia Mary akilia nyuma ya ua na kusema maneno ya hofu. Usiku wa mvua, kwa darubini, humwona mume akibeba kitu kizito na kukipakia nyuma ya motokaa. Kisha Mary haonekani tena. Claire akakata shauri kwamba jirani amemwua mkewe, na kwamba mzuka ulio nyumbani mwake ni wa Mary. Akamwendea mtu yule mahali penye watu na kumwita mwuaji kwa sauti kuu. Mara Mary mwenyewe anatokea, mzima, hana hata mkwaruzo. Claire anaaibika, nasi watazamaji, tuliopewa darubini, mvua, ua na kilio, twaambiwa tuvirudishe vyote dukani.

Zemeckis hakuficha kwamba alikuwa akizifuata nyayo za Alfred Hitchcock. Habari ya darubini na ya jirani anayeshukiwa kumwua mkewe ni ile ya Rear Window, filamu aliyoitoa Hitchcock mwaka 1954. Lakini mle mtazamaji wa dirishani ni mpiga picha aliyevunjika mguu, hawezi kutoka chumbani, na filamu yote imesimama juu ya dirisha lile. Uking'oa jirani, nyumba yote inaanguka. Katika filamu ya Zemeckis ukimng'oa jirani hakuna ukuta unaotikisika. Jaribu mwenyewe: futa kila kipande cha Warren na Mary, kisha uanze palipotokea sura ya pili katika maji. Umepoteza nini?

Atasema mtu kwamba Hitchcock naye alimpoteza mtazamaji njia kwa makusudi. Ni kweli, na pingamizi hili lastahili kujibiwa kwa makini. Katika Psycho ya mwaka 1960 tunaanza na karani mwanamke aliyeiba dola 40,000 za mwajiri na mteja wake. Tunakimbia naye, tunaogopa polisi pamoja naye, tukidhani kwamba hadithi ni ya fedha. Kumbe sivyo, fedha zile zinazama kwenye kinamasi, wala aliyezizamisha hajui kama zilikuwamo. Njia ya uongo, basi. Lakini njia ile ya uongo inatufanyia kazi mbili. Yatuonyesha dhamiri ya mwanamke yule, ambaye anakata shauri kuzirudisha fedha wakati amekwisha kuchelewa. Na yampeleka, kwa miguu yake mwenyewe, mpaka kwenye mlango wa mauti yake. Pasipo wizi pasingekuwa na safari, na pasipo safari pasingekuwa na ile nyumba ya wageni njiani. Majirani wa Claire hawampeleki mahali popote. Wakishaondoka yeye yuko pale pale alipokuwa, nasi tumezeeka kwa muda mrefu.

Na la kusikitisha ni kwamba majirani hao wangeweza kufanya kazi kubwa. Mwanamke anayetumia darubini kutafuta mwuaji katika nyumba ya pili, na huku mwuaji amelala kitandani mwake, ni picha kali sana. Ndiyo ile habari ya nyani asiyeona lake akaliona la mwenziwe. Laiti mwandishi wa filamu, Clark Gregg, angemfanya Claire mwenyewe atambue kwa nini alikuwa na hamu kubwa hivyo ya kumwona mume mwingine kuwa mwovu! Laiti baada ya aibu ile angekaa peke yake akajiuliza wazo la mke kuuawa na mumewe alilitoa wapi! Hapo saa nzima ingerudi na kupata maana. Lakini filamu haisimami. Mary akishaonekana, habari imekwisha, na tunahamia kwenye jambo jingine kama wasafiri waliobadili gari.

Nisieleweke vibaya: silaumu upole wa mwendo. Siku hizi vijana wengi huamini kwamba filamu ikienda polepole basi ni mbovu, na imani hiyo imewanyima mambo mengi mazuri. Mwendo wa hadithi haupimwi kwa saa ya ukutani. Hupimwa kwa kuuliza kama kila dakika inaongeza kitu katika mzigo anaobeba mtazamaji. Mwaka 1961 Jack Clayton alitoa nchini Uingereza filamu iitwayo The Innocents, iliyotokana na hadithi ya Henry James, naye Deborah Kerr akiigiza mlezi wa watoto katika nyumba kubwa ya shamba. Ni filamu ya polepole kuliko hii tunayoijadili. Yumo mwanamke mfu anayeonekana ng'ambo ya maji, mchana kweupe, amesimama katika matete na nguo nyeusi. Hafanyi lolote. Hanyoshi mkono, hapigi kelele. Na kwa sababu tumekwisha kupewa, tone baada ya tone, sababu za kuogopa na vilevile sababu za kumshuku yule mlezi anayeona, umbo lile tulivu katika matete latosha kuigandisha damu. Clayton alitumia dakika 100 hivi. Zemeckis alitumia 130, na dakika hizo 30 za ziada, ukizihesabu, zi nyumbani kwa Warren Feur.

Nimesema kwamba filamu hii ina vipande vizuri, na haki ni kuvitaja kwa ukamilifu kama nilivyotaja kasoro. Majirani wakishatoka njiani, filamu huamka. Nyuma ya picha iliyovunjika hupatikana kipande cha gazeti chenye habari ya msichana aliyetoweka. Claire anakwenda nyumbani kwa mama wa Madison, mwanamke aliyechoka kwa kungoja, na kutoka humo anachukua kwa siri kisuko cha nywele za binti. Kwa nywele hizo, na kwa kitabu cha uganga, anamkaribisha yule mfu. Hapo Michelle Pfeiffer afanya kazi ya ufundi mkubwa: kwa namna ya kuinamisha kichwa na ya kutabasamu, Claire anatoka katika mwili wake na mwingine anaingia. Anaongea na Norman na kumtaja "mke wako", na mume anakauka. Sioni kipande cha kutisha kuliko hicho katika filamu nzima, na hakina damu, wala kelele, wala giza.

Harrison Ford naye alichaguliwa kwa akili. Tangu mwaka 1977 watu walikuwa wamezoea kumwona akiwaokoa wanyonge na kuwashinda waovu. Sura yake ilikuwa hati ya amana. Kwa hiyo kila dalili mbaya juu ya Norman, mtazamaji mwenyewe aliipa udhuru: ana kazi nyingi, amechoka, anamhurumia mkewe mgonjwa. Naye mtazamaji, kama Claire, alijua asikubali kujua. Norman akibanwa hukana; akibanwa zaidi hukiri uzinzi; akibanwa tena husema kwamba msichana alijiua, na kwamba yeye aliingiwa na hofu akaisukuma motokaa ziwani na maiti ikiwamo. Kila ungamo ni pazia la kufunika jingine. Mtu huyu si jitu. Ni mwalimu aliyechunga heshima yake kuliko roho ya mwanafunzi aliyewekwa chini ya mkono wake, na kwa kweli mtu wa namna hiyo anatisha kuliko jitu, maana majitu hayafundishi vyuoni.

Kisha twafika bafuni. Claire amekwisha kujua yote. Norman anajifanya kupiga simu polisi, kumbe hakuwapigia. Anamtia mkewe dawa ya halothani, ambayo maabarani huwapa panya, na mwili wa Claire unakufa ganzi huku macho yake yakiwa wazi. (Halothani ya kweli ni dawa ya kulaza watu kabisa kwa ajili ya upasuaji, haimwachi mtu macho, lakini tusimbane mno msimulizi wa mizuka kwa habari za dawa.) Anamlaza katika hodhi na kufungua maji, ili ionekane kwamba amejiua. Maji yanapanda. Mume anaongea kwa upole, karibu kwa mapenzi. Maji yanafika kidevuni. Zemeckis hakimbii hata kidogo: kamera yatulia, twasikia bomba, twatazama mstari wa maji na mdomo wa mtu asiyeweza kuinua hata kidole. Huu ndio mwendo wa polepole uliojaa. Hodhi lile lile, maji yale yale, kioo kile kile kilichoandikwa "Unajua". Kila kitu kilichowekwa tangu mwanzo sasa kinadai deni lake. Norman anamwinamia mkewe, na ghafla sura iliyo mbele yake ni ya Madison. Anaruka nyuma, kichwa chake kinagonga beseni, anaanguka.

Hapo ndipo filamu ilipopaswa kukaribia kituo chake. Hayupo mtazamaji aliyehitaji zaidi kuhusu hofu. Amekwisha kupewa tele. Alichohitaji ni jibu la lile swali. Mwanamke anayetoka majini baada ya mume kutaka kumwua si mwanamke yule aliyeingia. Atainua simu amwambie nani, na aseme nini? Je, atasema "Mume wangu aliua," au atasema pia "Nami niliona, nikafunga macho"? Atamtazamaje mama wa Madison? Maswali hayo hayahitaji mbio wala ajali. Yanahitaji dakika kumi na mwigizaji mzuri, na mwigizaji mzuri alikuwapo.

Badala yake tunapewa mbio. Norman hakufa; katika filamu za aina hii mwovu hafi mara ya kwanza. Claire anajikokota ngazini, anapata ufunguo, anaingia katika gari la mizigo lenye mashua nyuma yake, analiendesha hadi darajani ambako simu ya mkononi hupata mawasiliano, jambo tulilotayarishwa nalo kwa uangalifu mkubwa kuliko tulivyotayarishwa kwa jambo lolote la moyo. Norman anatokea tena. Wanapigana. Gari linatumbukia ziwani. Chini ya maji maiti ya Madison inaibuka, inamkamata Norman kwa mikono yake na kumshikilia mpaka anakufa, na Claire anapanda juu salama.

Fikiri sasa kilichotokea. Kwa muda wa saa mbili Madison alikuwa shahidi. Nguvu yake yote ilikuwa katika ushahidi: aliandika, alifungua mlango, alionyesha sura yake katika maji, akamtaka mke wa mwuaji akumbuke. Sasa amegeuzwa mnyongaji. Na mara mfu akiweza kumkamata mtu kwa mikono na kumzamisha, msomaji makini atauliza kwa nini hakufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Norman alikuwa akikaa kando ya ziwa hilo mwaka mzima. Swali hilo la kitoto haliulizwi katika hadithi nzuri, kwa sababu hadithi nzuri huweka mpaka wa uwezo wa mzuka wake mapema na kuuheshimu. Hii iliuheshimu mpaka darajani, kisha ikauvuka kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na mwovu alikuwa bado hai.

Wapo watakaosema kwamba sinema ni biashara, na kwamba watu waliolipa kiingilio hutaka kufukuzana na kuzama. Huenda ni kweli. Lakini watu wale wale walikwisha kukubali kukaa kimya kabisa wakitazama maji yakipanda kidevuni mwa mtu. Aliyewapa kipande kile hakuwa na sababu ya kuwaogopa. Wala sisemi kwamba kila mwisho wa zamani ulikuwa bora; hata Psycho, niliyoisifu, inamleta daktari wa maradhi ya akili mwishoni aeleze kwa maneno mengi yale ambayo tumekwisha kuyaona kwa macho, na wengi wamekichoka kipande hicho. Ila baada ya daktari huyo Hitchcock ana picha moja ya mwisho: motokaa iliyozamishwa na mwuaji inavutwa kwa mnyororo, ikitoka katika tope. Wazima wanafanya kazi yao. Kilichofichwa kinatolewa nje kwa mikono ya watu. Katika What Lies Beneath nayo imo motokaa iliyozamishwa na msichana ndani yake, lakini hakuna mtu anayeamua kuitoa. Kinachomfichua Madison ni ajali.

Sasa kosa lile moja nililolitaja mwanzoni laonekana wazi. Mwanzoni filamu ilimkimbiza Claire kwa majirani ili asikabiliane na nyumba yake. Mwishoni inamkimbiza darajani ili asikabiliane na nafsi yake. Pande zote mbili ni kukwepa kule kule. Filamu iliyomshtaki mwanamke kwa kujua na kusahau inamsaidia yeye kusahau mara ya pili: mume amekuwa jitu kamili, jitu limekufa majini, mke ni mhanga tu, na hesabu imefungwa. Neno lililoandikwa kiooni halikujibiwa. Lilifutika pamoja na mvuke.

Ilikuwa kazi ya mafundi, hilo silifuti. Zemeckis aliitengeneza katika muda wa kungoja, maana alikuwa ameisimamisha filamu yake nyingine, Cast Away, ili Tom Hanks apate kukonda kwa ajili ya sehemu ya pili ya mchezo wake. Naye akawatumia mafundi wale wale, wasikae bure. Cast Away ilitolewa mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2000, na ni ajabu kuona jinsi mwongozaji huyo huyo alivyothubutu mle kumwacha mtu mmoja kisiwani kwa muda mrefu karibu bila maneno, kisha akamrudisha kwa mwanamke aliyempenda na kuwaacha wote wawili wabaki na hasara yao. Hakuna aliyetumbukia ziwani. Basi kusema kwamba hakujua kumaliza hadithi kwa utulivu hakuwezekani, alijua.

Picha ya mwisho ya filamu hii ya mzuka ni ya makaburini, wakati wa theluji. Claire analiweka ua la waridi juu ya kaburi la Madison, kamera inapanda angani, na katika theluji twaona, kwa mara moja, umbo la uso wa mwanamke. Ni picha nzuri ya kutazama. Lakini Claire yuko peke yake pale. Mama wa Madison, aliyengoja mwaka mzima asijue kama binti yake yu hai au amekufa, na ambaye ndani ya nyumba yake mgeni aliingia na kutoka na kisuko cha nywele, hayupo kaburini, wala hakuna aliyeonyeshwa akimpelekea habari.